Waliopima Kuinama kwa Dunia

Mwezi wa Juni mwaka 994, juu ya kilima karibu na mji wa Rayy, Abu Mahmud al-Khujandi alikuwa akingoja adhuhuri. Magofu ya Rayy leo yamemezwa na Tehran, lakini wakati ule ulikuwa mji mkubwa, na mtawala wake, Fakhr al-Dawla wa ukoo wa Wabuyi, alipenda elimu ya falaki kiasi cha kuitolea fedha. Kwa fedha hizo al-Khujandi alijenga kuta mbili zilizoelekea kaskazini na kusini barabara, na baina yake akaweka tao la nyuzi 60, yaani sudusi ya duara. Nusu kipenyo cha tao hilo kilikuwa dhiraa 40, karibu meta 20. Paa lilikuwa na tundu moja tu. Jua likifika juu kabisa, mwali wake ulipenya tunduni na kuanguka kwenye tao, naye akasoma pale ulipoangukia. Kila nyuzi moja ilikuwa imekatwa vipande 360. Vyombo vya waliomtangulia viliishia kwenye dakika. Chake kilishuka hadi sekunde. (Dakika hizi si za saa. Nyuzi moja ina dakika 60, na kila dakika ina sekunde 60.)

Desemba alilipima tena jua, safari hii likiwa chini kabisa. Akaitwaa tofauti ya vimo viwili, akaigawa kwa mbili, akapata nyuzi 23, dakika 32 na sekunde 19.

Pembe hiyo ndiyo inayoipa London mchana wa zaidi ya saa 16 mwezi wa Juni, na mchana usiofika saa 8 mwezi wa Desemba. Ndiyo inayoleta theluji Moscow na kuiondoa. Leo tunaeleza hivi: dunia inapolizunguka jua kwa siku 365 na ushei, mhimili wake haukusimama wima juu ya njia yake, bali umeinama, na mwaka mzima unaelekea upande uleule wa mbingu, karibu na Nyota ya Kaskazini. Kwa hiyo mwezi wa Juni nusu ya kaskazini imelielekea jua, na Desemba ni zamu ya kusini. Nusu iliyoelekea hupata mambo mawili kwa pamoja: mchana mrefu, na miale inayoshuka karibu na wima. Hili la pili ndilo watu wengi hulisahau. Jua likiwa kwenye kimo cha nyuzi 30 tu juu ya upeo, mwanga ambao ungeangukia eneo moja likiwa utosini hutandazwa juu ya eneo maradufu, na joto lake hugawanyika vivyo hivyo.

Al-Khujandi hakueleza hivyo. Kwake yeye dunia ilitulia tuli, na jua ndilo lililokuwa likipanda na kushuka kwenye njia iliyokaa mshazari. Hapo ndipo historia hii inaponivutia. Kwa karne nyingi, pembe inayosababisha majira ilipimwa, ikasahihishwa na kugombaniwa na watu ambao karibu wote walikosea kuhusu kinachotembea, na hata hivyo hesabu yao ilikuwa ya kweli.

Kabla ya kurudi kwao, kuna kosa la kuondoa njiani. Watu wengi, waliosoma na wasiosoma, hudhani kwamba joto la majira hutokana na dunia kulisogelea jua. Kwetu sisi tulio kusini kidogo ya ikweta kosa hili lina hila ya pekee, kwa sababu linaoana na tunayoyaona. Januari Dar es Salaam huunguza. Julai ni kipupwe, na Iringa na Njombe watu huvaa makoti. Na ni kweli kwamba mwanzoni mwa Januari dunia huwa karibu zaidi na jua, umbali wa kilometa milioni 147, ilhali mwanzoni mwa Julai huwa mbali zaidi, kilometa milioni 152. Mtu wa Dar es Salaam angeweza kufa na imani yake bila kupata wa kumkanusha. Lakini Januari hiyohiyo mto wa Moscow umeganda.

Wagiriki wa kale waliishi kaskazini, kwa hiyo mtego huo haukuwanasa. Chombo chao cha kwanza kilikuwa fimbo iliyosimamishwa wima mahali pa wazi, na kivuli chake cha adhuhuri. Kivuli kikiwa kifupi kuliko siku zote za mwaka, ndio kilele cha kiangazi. Kikiwa kirefu kuliko siku zote, ndio katikati ya baridi. Jambo hili haligharimu kitu. Msomaji wa Dar es Salaam akisimamisha fimbo ya meta moja, adhuhuri ya tarehe 21 Juni atapata kivuli cha sentimeta 58 hivi kikielekea kusini, na ya tarehe 22 Desemba sentimeta 30 hivi kikielekea kaskazini. Vivuli hivyo ni vya pembe mbili, nyuzi 30 na ushei na nyuzi 16 na ushei. Akizijumlisha na kuzigawa kwa mbili, atakuwa amepata pembe ileile waliyoitafuta wao.

Waandishi wa kale humpa Oenopides wa Chios, wa karne ya 5 KK, sifa ya kutambua kwamba njia ya jua imekaa mshazari. Kipimo kilichotumika zamani hizo kilikuwa nyuzi 24, yaani sehemu moja ya 15 ya duara. Eratosthenes, yule aliyeupima mzingo wa dunia kwa kulinganisha kivuli cha Alexandria na jua la utosini la Syene, ambao leo ni Aswan, alitumia kipimo kilicho makini zaidi: nyuzi 23 na dakika 51. Miaka mia nne hivi baadaye, Ptolemy wa Alexandria akaandika katika kitabu ambacho Waarabu walikiita al-Majisti kwamba naye amepima, na kwamba kipimo chake kimeafikiana na cha Eratosthenes. Kilipaswa kuafikiana kidogo tu. Tukirudisha hesabu nyuma leo, tunajua kwamba pembe ya kweli ya zama za Ptolemy ilikuwa nyuzi 23 na dakika 41. Kupima upya na kupata kosa lilelile la mzee aliyekutangulia ni sadfa nisiyoweza kuiamini kwa urahisi.

Kati ya hao wawili aliishi Hipparchus, karne ya 2 KK, na yeye aliona jambo jingine. Majira manne hayalingani urefu. Kuanzia siku ya mlingano wa usiku na mchana mwezi wa Machi hadi kilele cha kiangazi alihesabu siku 94 na nusu. Kutoka hapo hadi mlingano wa Septemba siku 92 na nusu. Nusu ya mwaka iliyobaki ilikuwa fupi zaidi. Kama jua lingezunguka kwa mwendo mmoja na dunia ikiwa katikati kabisa ya duara, sehemu hizo zingelingana. Hipparchus akaiondoa dunia katikati. Jua, alisema, liko mbali zaidi nasi mwishoni mwa masika ya Ugiriki, joto linapoanza kupanda, ndiyo maana huonekana likienda polepole wakati huo. Kwa maneno mengine, zaidi ya miaka 2,100 iliyopita tayari iliandikwa na mtu mwenye hesabu mkononi kwamba kiangazi cha kaskazini huingia jua likiwa mbali.

Elimu hiyo ilihamia Baghdad. Khalifa al-Ma'mun aliagiza vipimo vipya vifanywe Baghdad na Damascus kuanzia mwaka 828, lakini bingwa wa kazi hii alitoka kwingine. Muhammad ibn Jabir al-Battani alifanya kazi Raqqa, kwenye ukingo wa mto Furati, kuanzia mwaka 877, na aliendelea kulipima jua kwa miaka 40 hivi. Kipimo chake cha mwinamo kilikuwa nyuzi 23 na dakika 35. Hesabu ya kisasa kwa mwaka 900 inatoa nyuzi 23, dakika 34 na sekunde 55 hivi. Ajabu! Bila lenzi wala darubini, alikosea kwa sekunde tano tu. Al-Battani aligundua pia kwamba ile sehemu ya mbingu ambapo jua huwa mbali zaidi haikuwa tena pale ilipokuwa zamani za Ptolemy, ilikuwa imesogea. Mambo mawili yaliyodhaniwa kuwa ya milele sasa yalianza kutiliwa shaka.

Haya ndiyo aliyoyarithi al-Khujandi pale Rayy, naye akayasema wazi. Wahindi, alisema, walipata nyuzi 24. Ptolemy alipata 23 na dakika 51. Mimi nimepata 23 na dakika 32. Nambari zinashuka kadiri karne zinavyopita. Basi si wapimaji waliokosea, mwinamo wenyewe unapungua.

Mwanafalaki mwenzake, al-Biruni, hakukubali. Alimstahi sana al-Khujandi kama fundi wa vyombo, lakini alieleza kwamba lile tundu la paani lilikuwa limeshuka kidogo kutoka mahali pake, na kwa hiyo kipimo kimepinda. Ukiwasikiliza wote wawili leo huwezi kumwangusha yeyote. Al-Biruni alikuwa sahihi kuhusu jengo: mwaka 994 pembe ya kweli ilikuwa nyuzi 23 na dakika 34, na al-Khujandi alipungukiwa na dakika karibu mbili. Na al-Khujandi alikuwa sahihi kuhusu mbingu. Mwinamo unapungua kweli, kwa sekunde 47 hivi kila miaka 100. Alifikia ukweli kwa kutumia tarakimu tatu ambazo mbili za mwanzo zilikuwa na makosa makubwa kuliko yake. Sijui mfano mwingine mzuri zaidi katika falaki wa hoja iliyosimama juu ya miguu mibovu ikafika.

Kuta za Rayy zilizaa kuta nyingine. Katika miaka ya 1420 Ulugh Beg, mjukuu wa Timur, alijenga Samarkand tao la aina hiyohiyo lenye nusu kipenyo cha meta 40 hivi, sehemu yake ya chini ikiwa imechimbwa ndani ya mwamba. Mwinamo alioupata ulikuwa nyuzi 23, dakika 30 na sekunde 17, na kosa lake halikufika nusu dakika. Alikuwa mtawala aliyeelewa nyota kuliko siasa. Mwaka 1449 aliuawa kwa amri ya mwanawe, jengo likabomolewa, na hadi mwaka 1908 ndipo mchimbuaji wa Kirusi, Vyatkin, alipolifukua lile tao lililobaki ardhini. Watalii huliona hadi leo.

Kisha ukaja mwaka 1543 na kitabu cha Nicolaus Copernicus, kikasema kwamba anayetembea ni dunia. Copernicus alimsoma al-Battani na kumtaja mara kwa mara. Nambari ya mwinamo haikuhitaji kubadilishwa kwa sababu yake: ilitoka kwenye njia ya jua ikahamia kwenye mhimili wa dunia. Lakini hapa mzee huyo alijikwaa. Kama watu wa zama zake, alidhani sayari hubebwa na tufe gumu lisiloonekana. Dunia iliyofungwa kwenye tufe hilo ingezunguka jua huku ncha yake ikiliegemea jua daima, na majira yangekuwa mamoja milele. Ili kuokoa majira, Copernicus aliipa dunia mwendo wa tatu, juu ya ule wa siku na ule wa mwaka, wa kuurudisha mhimili kila mara mahali pake.

Mwendo huo haupo. William Gilbert, tabibu wa Kiingereza, aliukataa mwaka 1600. Galileo naye mwaka 1632 alitoa jaribio ambalo mtu yeyote anaweza kulifanya jikoni: weka mpira uelee katika bakuli la maji, ulishike bakuli kwa mikono iliyonyooshwa, kisha ujizungushe mwenyewe. Mpira utaonekana ukijigeuza kinyume chako, kumbe haujageuka. Umebaki ukitazama ukuta uleule. Mhimili wa dunia hauhitaji kurudishwa, maana hakuna anayeuondoa.

Johannes Kepler alikuwa ameshamaliza sehemu nyingine ya kazi mwaka 1609 alipoonyesha kwamba njia ya sayari si duara bali ni duaradufu, na kwamba mwendo huongezeka kweli sayari inapolikaribia jua. Uthibitisho mmoja mzuri wa jambo hilo ulipatikana kanisani. Mwaka 1655, ndani ya kanisa la San Petronio mjini Bologna, Giovanni Domenico Cassini alitoboa tundu kwenye paa, karibu meta 27 juu, akachora sakafuni mstari wa kaskazini na kusini wenye urefu wa meta 67. Kila adhuhuri taswira ya jua ilipita juu ya mstari ule, ndogo wakati wa kiangazi, kubwa zaidi katika baridi. Cassini alipima upana wake. Tofauti ya ukubwa ilikuwa karibu nusu tu ya ile ambayo wafuasi wa Ptolemy wangeitarajia, na iliafikiana na Kepler. Bologna ulikuwa mji wa Papa, na ilikuwa miaka 22 tu tangu Galileo ahukumiwe na Kanisa. Cassini alikuwa na busara ya kutosema hadharani ni nani anayetembea. Lakini mtu yeyote aliyevisoma vipimo vya San Petronio aliweza kuona kwamba jua la baridi ndilo lililo karibu.

Tofauti hiyo ya umbali inaongeza mwanga unaoifikia dunia Januari kwa asilimia 7 hivi kuliko Julai. Si kitu kidogo, ila mwinamo unaizidi nguvu kwa mbali.

Nasi wa pwani? Kwetu mchana hauongezeki wala haupungui kwa saa nzima, kwa hiyo majira tunayahesabu kwa upepo na mvua. Hayo nayo ni kazi ya mwinamo uleule. Jua hupita utosini Dar es Salaam mara mbili kwa mwaka, mwanzoni mwa Machi na karibu na tarehe 10 Oktoba, na ukanda wa mvua hulifuata kwa kuchelewa wiki kadhaa: ndiyo masika na vuli. Edmond Halley alichapisha mwaka 1686 ramani ya pepo za bahari kuu, Bahari ya Hindi ikiwemo, na kusema kwamba chanzo chake ni jua kulipasha joto eneo moja kuliko jingine. Bara la Asia likichemka katikati ya mwaka, hewa huvutwa kutoka kusini, nayo ni kusi. Likipoa, hurudi kaskazi. Halley hakuweza kueleza vizuri kwa nini pepo hizo huenda mshazari, na George Hadley akaongeza mwaka 1735 kwamba dunia inayojizungusha ndiyo inayozipinda. Manahodha wa Lamu, Unguja na Sur walikuwa wakisafiri kwa pepo hizo karne nyingi kabla ya hao wote.

Lile dai la al-Khujandi lilisubiri hadi karne ya 18 kupata sababu yake. Leonhard Euler alionyesha kwamba sayari nyingine, kwa mvuto wao, huipindisha taratibu njia ya dunia, na baada yake Joseph-Louis Lagrange akaonyesha kwamba mwinamo hautapungua bila kikomo bali hushuka na kupanda. Leo tunajua mipaka: kutoka nyuzi 22.1 hadi 24.5 na kurudi, kwa miaka 41,000 hivi. Mhimili wenyewe nao huyumba kama pia inayoelekea kuchoka, duru moja kwa miaka 26,000 hivi.

Je, majira yakibadilika nguvu namna hiyo, hali ya hewa ya dunia haitabadilika pia? Swali hilo lilimsumbua James Croll, Mskoti aliyekuwa mhudumu wa jengo katika chuo kimoja cha Glasgow na kujisomea usiku, naye akaandika kuanzia mwaka 1864 kwamba zama za barafu zilitokana na mabadiliko ya njia ya dunia. Aliyeikamilisha hesabu ni Milutin Milankovitch, profesa wa Belgrade. Vita vya mwaka 1914 vilimkuta kijijini kwao Dalj, ndani ya ardhi ya Austria na Hungaria, akakamatwa kama Mserbia. Baadaye aliruhusiwa kukaa Budapest chini ya ulinzi, na humo, katika maktaba ya Chuo cha Sayansi cha Hungaria, akapiga hesabu kwa mkono miaka mingi. Hoja yake ilikuwa hii: barafu kubwa haizaliwi na baridi kali, huzaliwa na kiangazi dhaifu cha kaskazini kisichoweza kuyeyusha theluji ya mwaka uliopita. Mwinamo mdogo huleta kiangazi cha namna hiyo. Kitabu chake kikuu kilikuwa kwa mchapaji mwezi wa Aprili 1941 mabomu ya Wajerumani yalipoanguka Belgrade. Kiwanda kiliharibika, karatasi nyingi zilizokwisha kuchapwa zikaokoka. Alifariki mwaka 1958, wengi wakiwa hawajamwamini.

Mwaka 1976 James Hays, John Imbrie na Nicholas Shackleton walichunguza matope yaliyotobolewa sakafuni mwa Bahari ya Hindi, upande wa kusini kabisa. Katika tabaka zake za miaka zaidi ya 400,000 walikuta barafu ya dunia ikija na kuondoka kwa mapigo, na mojawapo ya mapigo hayo lilikuwa la miaka elfu 40 na ushei, lile la mwinamo.

Vitabu vya jiografia vya shule zetu bado huandika kwamba dunia imeinama kwa nyuzi 23 na nusu. Nambari hiyo ilikuwa sahihi mara ya mwisho Copernicus alipokuwa hai, miaka ya 1530. Waandishi wa vitabu hivyo waandike 23 na dakika 26, na waongeze sentensi moja kwamba inapungua.